Koo Moja, Kazi Mbili

Jumamosi usiku ukumbi uko Majengo, Jumapili alfajiri kamera ziko Mji wa Kale. Kwa mwanamke wa Mombasa anayeimba na kuigiza, hiyo ndiyo wiki yenyewe. Kadi ya harusi imeandikwa saa mbili za usiku. Bibi harusi hutolewa saa tano kasorobo. Wimbo wa mwisho huisha saa saba na nusu, kisha vyombo vifungwe, tuktuk itafutwe, hereni zitafutwe. Saa kumi na mbili asubuhi mtu wa mapambo anakungoja na sponji mkononi.

Watu wakizungumzia maisha ya usanii huzungumzia jukwaa, taa, na nani kamtuza nani. Ugumu wenyewe uko kwingine. Kazi hizi mbili zinatumia koo moja na uso mmoja, na kila moja inataka kinyume cha mwenzake. Harusi inataka sauti kubwa, uso uliokolea rangi, mikono iliyojaa hina, na pesa unaondoka nazo usiku huo huo. Kamera inataka sauti ndogo, uso mwepesi, mikono mitupu, na malipo utayangoja siku 30 au 60. Asiyejua kuhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili huharibu zote mbili, hata awe na kipaji cha namna gani.

Tuanze na koo, kwani ndilo linaloharibika kwanza. Hewa ya Mombasa yenyewe ni rafiki wa mwimbaji; unyevu wa pwani haukaushi nyuzi za sauti. Adui ni kiyoyozi cha ukumbi, kinachokausha hewa kwa saa sita mfululizo huku wewe ukivuta pumzi kwa kinywa. Maji yanywewe mapema, kidogo kidogo tangu mchana, yasiyo baridi sana. Chupa nzima unayoibugia dakika tano kabla ya kupanda itakupeleka msalani tu. Tangawizi na asali hazina ubaya, ila tusidanganyane: unachomeza hupita kwenye umio, hakigusi nyuzi za sauti zilizo ndani ya zoloto. Kinachozifikia ni hewa unayoivuta. Kwa hiyo mvuke ndio dawa ya kweli ya asubuhi ya pili: bakuli la maji ya moto, kitambaa kichwani, dakika tano hadi kumi, ukivuta taratibu kwa pua.

Na kwa sababu ni hewa, uangalie moshi. Hakuna harusi ya Mombasa bila udi, na chetezo hupendwa kupitishwa mbele ya jukwaa hasa wakati mwimbaji yuko juu, kwa heshima yake. Vipande viwili vya udi na ubani juu ya mkaa uliokolea vinatosha kukukwaruza koo katikati ya ubeti. Usimkatalie aliyeushika, maana anakufanyia wema. Zungumza mapema na somo wa bibi harusi, yule mwanamke anayemfunda, au na yule shangazi anayeendesha mambo, uombe chetezo kipite wakati wa mapumziko na kiwekwe upande ambao feni haipulizi kuelekea kwako. Mtu mzima akiombwa hivi, "Shangazi, udi wenu mzuri, ila koo langu ndilo litakalomwimbia mwanenu," hajawahi kukasirika.

Kosa lingine linakuja na sinia. Biriani ya wanamuziki hufika karibu na saa saba za usiku, mtu ana njaa, anakula la kumshibisha, anarudi nyumbani na kujilaza. Tindikali ya tumbo hupanda hadi kooni akiwa usingizini, na asubuhi sauti imetoka nzito na yenye makohozi, naye anasema "nimeimba sana." Hakuimba sana. Kula kabla ya kwenda, saa kumi na moja jioni hivi. Usiku onja kwa adabu, mengine yafungwe kwenye kontena ya nyumbani. Kati ya kula na kulala pawe na saa tatu. Ukirudi, usizungumze kwa kunong'ona ukidhani unapumzisha sauti, kwani kunong'ona nako kunachosha. Nyamaza tu. Aspirini iache kabisa siku za kazi, maana huzidisha uwezekano wa mshipa mdogo kuvuja damu kwenye nyuzi za sauti, na hilo likitokea umepoteza wiki nyingi. Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, shuka jukwaani hapo hapo. Ukwaruzi uliozidi wiki tatu ni wa daktari wa koo.

Sehemu kubwa ya ukwaruzi wa Jumapili, hata hivyo, hutokana na spika. Kumbi zetu zina vigae chini na vioo pembeni, sauti inarudi kutoka kila ukuta, na mpiga kinanda amejipandishia yake. Mwimbaji asipojisikia, hupiga kelele bila kujua. Wimbo wa tatu umefika, koo limekwisha. Dai spika ya kujisikia, iwe sakafuni mbele yako, imeelekezwa usoni. Maiki ya kawaida ya kushika mkononi husikia vizuri mbele yake na vibaya mkiani, kwa hiyo mkia wake ndio uelekee spika hiyo. Ukiishusha maiki kiunoni huku umenyanyua mkono wa pili kushangilia, kichwa cha maiki kinatazama spika, nao ule mluzi unaotoboa masikio unaanza. Vivyo hivyo ukikifumbata kichwa chake kwa kiganja kama wanavyofanya wanaorapu: matundu ya nyuma yanazibika, maiki inaanza kusikia kila upande. Shika shina, acha vidole viwili kati ya midomo na wavu, na kwenye noti ya juu sogeza nyuma kidogo. Fundi akikwambia haiwezekani kukuongezea, mwombe apunguze kinanda. Mara nyingi hilo ndilo lililokuwa likihitajika.

Sasa maneno. Taarabu ya Mombasa inasimama juu ya ushairi, na anayeimba bila kuhesabu mizani atagombana na ngoma usiku kucha. Shairi la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kila upande, na vina viwili. Chukua ubeti kama huu:

Nikiwa juu jukwaa, kila mtu hutazama
Na ngoma zikinyamaa, nani tena atasema
Sifa haziwi mkaa, wa kunisongea sima
Nitunzeni mkikaa, msitunze nikihama

Hesabu kwa vidole. "Jukwaa" ni mizani tatu, ju-kwa-a, kwa sababu "kwa" ni pigo moja. "Mkaa" pia ni tatu, m-ka-a, maana ile "m" inasimama peke yake. Hapo ndipo wengi hujikwaa, hasa waliojifunza kuimba kwa kufuata miziki ya studio: huimeza "m" ya "mkaa" na ya "msitunze", upande unabaki na mizani saba, mwimbaji anafika kwenye kina kabla ya ngoma, na mpiga ngoma za bongo anakutazama kwa jicho la pembeni. Pumzi huvutwa penye koma, fupi, kwa kinywa. Mshororo wa tatu una mtego, kwani maana inaruka koma: "mkaa, wa kunisongea". Moyo unataka kuunganisha bila kupumua. Ukiunganisha, "sima" itatoka bila nguvu, nayo ndiyo neno la kina, ndiyo neno la kuchekesha, ndiyo sababu mtu atanyanyuka na noti ya kukutuza. Pumua.

Na akinyanyuka? Kutuza kuna lugha yake. Mwanamke haji na noti ya 100 kwa sababu wimbo mtamu tu. Pengine anakuja kwenye ubeti maalumu, polepole, akihakikisha mtu fulani meza ya tatu anamwona. Fumbo la ubeti huo si lako tena, amelichukua yeye. Mombasa inaujua mchezo huu tangu enzi za vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, akina Ibinaal Watan na Banu Saada, walioshindana kwa nyimbo na mavazi hadi mji ukagawanyika. Kazi ya mwimbaji hapo ni macho yake. Usimfuate anayetuza kwa macho hadi kwa anayelengwa. Tazama juu kidogo ya vichwa, au mtazame bibi harusi, pokea kwa tabasamu, endelea. Akiomba ubeti urudiwe, rudia mara moja. Ya tatu si wimbo tena, na wewe si mpatanishi.

Noti zenyewe zinahitaji mtu. Katika harusi nyingi za wanawake simu huachwa mlangoni ili picha zisitoke, hivyo hakuna kutuma kwa M-Pesa. Yote ni karatasi, za 50 na za 100 zaidi, nyingine zimeanguka chini, nyingine zimebandikwa kwenye kilemba cha mpiga ngoma. Mshika kikapu awe mmoja, awe wako, na mgao ujulikane kabla ya wimbo wa kwanza: tunzo zote za mwimbaji, au theluthi ya wanamuziki, au nusu kwa nusu. Lolote sawa. Ubaya ni kukubaliana saa nane za usiku, watu wamechoka, kikapu kiko katikati. Bendi nyingi zimevunjika hapo, si kwenye muziki.

Sasa kamera, na kwanza mikono. Hina nzuri ya Mombasa hukaa viganjani wiki mbili hadi tatu. Tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Sini ya 4 hupigwa Jumanne na sini ya 5, inayoendelea sekunde ile ile, hupigwa Jumatatu ya wiki ijayo kwa sababu nyumba ilipatikana siku hiyo. Katikati umeimba harusi, ukapakwa maua hadi kiwiko. Kwenye televisheni mhusika anafungua mlango kwa mkono mtupu na kuufunga kwa mkono uliojaa nakshi. Watazamaji wa huku husamehe mengi, hilo hawalisamehe.

Njia iko. Siku unapokubali sehemu ya kuigiza, mwambie mtu wa mavazi tarehe zako za harusi. Hina ipakwe miguuni tu, au mhusika aandikiwe hina tangu mwanzo, kisha ipigwe picha kila mkono, viganja na migongo, ili iweze kurudiwa kwa mchoro ule ule. Mikono mirefu ya buibui huficha hadi kifundo, si zaidi. Piko jeusi liepukwe kabisa: rangi ya nywele iliyomo inaweza kuunguza ngozi ikaacha malengelenge, na malengelenge hayafichwi na mikono mirefu wala na poda.

Uso nao una hesabu yake. Rangi ya harusi huwekwa ili ionekane kutoka meza ya mwisho. Ukienda nayo mbele ya lenzi utaonekana umepakwa chokaa. Isafishe usiku ule ule hata kama umechoka, kwani asubuhi ngozi iliyolala na rangi haishiki mpya. Kwa kamera, tabaka nyembamba, na jasho likitoka, maana litatoka, likaushwe kwa karatasi laini kwa kugusagusa. Anayeongeza poda juu ya jasho hupata uji, na ukifika adhuhuri unapasuka pembeni mwa pua.

Waimbaji wana ugonjwa wao wakiingia uigizaji: wanauza kila neno. Jukwaani lazima neno lifike ukuta wa mwisho. Kamerani maiki iko kifuani mwako, inasikia hata mate yakimezwa. Sema kama unamwambia mtu mliyeketi naye mkeka mmoja. Ila usinong'one, kwa sababu konsonanti zitapotea. Maiki yenyewe ikifichwa chini ya buibui la kitambaa kinachoteleza hutoa mchakacho kila unapopumua, na fundi wa sauti atasimamisha kazi mara kumi. Ishikiliwe kwa plasta pande zote mbili, upande wa ngozi na upande wa nguo, kitambaa kisipate nafasi ya kusugua. Bangili vua, hata kama mhusika ni tajiri.

Kitu kinachowashangaza waimbaji zaidi ni kurudia. Mstari ni "Mwanangu, chai hiyo itapoa." Kwenye picha ya mbali ulinyanyua kikombe kwenye neno "chai". Kamera ikisogezwa karibu, ukinyanyua kwenye "itapoa", mhariri hawezi kuunganisha picha mbili hizo. Kikombe kitaruka chenyewe. Kwa hiyo atatumia picha ya mbali peke yake, na uso uliousumbukia siku nzima hautaonekana. Funga kila tendo la mkono kwenye neno lake, lirudie hivyo hivyo mara sita. Anayejua kufika kwenye kina pamoja na ngoma analijua hili tayari, hajaambiwa tu kwamba ni jambo lile lile.

Lugha izungumzwe mapema. Miswada mingi huandikwa kwa Kiswahili sanifu, na bibi wa Kibokoni, Mji wa Kale, anawekewa maneno ya mtangazaji wa habari. Ukitaka aseme "ndia" na "mato" badala ya "njia" na "macho", omba siku ya kuusoma mswada pamoja. Ukianza kubadilisha mbele ya kamera, sini moja itakuwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na ya pili sanifu, na mtu wa Mji wa Kale atalisikia kabla hajaona sura.

Na ukipiga huko vichochoroni, usipange mstari wako wa machozi karibu na adhana. Misikiti ni mingi na haianzi pamoja. Mmoja ukimaliza wa pili uko katikati, kazi inasimama, na waigizaji wenye busara hutumia muda huo kwenda kuswali au kukaa kimya. Kunguru je? Hao hawana ratiba.

Kalenda nzima inaumana hivyo. Ramadhani huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka, harusi hujazana Shaabani kabla haijaingia na tena baada ya Idi, na Shaabani hiyo hiyo ndiyo vipindi vya Ramadhani hurekodiwa. Usipokee malipo ya awali ya mwezi huo kabla ya kujua tarehe za kamera. Kisha Ramadhani yenyewe hakuna harusi, hakuna tunzo, na fedha za tamthilia bado ziko kwenye mafaili ya watu. Tunzo za Shaabani ndizo za kodi ya nyumba ya Ramadhani. Anayezinunulia dera jipya zote atakopa.

Mkataba wa harusi hauhitaji wakili. Karatasi moja yatosha: saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya nyimbo, nusu ya malipo mkononi kabla ya siku, iliyobaki kabla ya kupanda jukwaani wala si baada, usafiri wa baada ya saa sita usiku, na bei ya kila saa inayozidi. Mama wa bibi harusi akija na "Mwanangu, tuongezee kidogo tu, watu bado wamekaa," jibu ni "Ewaa mamangu, saa moja ni kiasi hiki kama tulivyoandika," kwa sauti ile ile ya upole. Upande wa kamera uliza kama unalipwa kwa siku, kwa sini au kwa kipindi, kwani sini tatu za kipindi kimoja zinaweza kukuchukua siku nne. Kampuni ikikulipa shilingi 30,000 za ada, itakata kodi ya zuio ya asilimia 5, upate 28,500. Ile 1,500 haijapotea. Hakikisha imeandikwa kwenye PIN yako ya KRA, mamlaka ya kodi.

Hakimiliki inastahili makala yake, lakini jambo moja lisingoje. Tangu santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, sauti ya mwimbaji wa pwani imekuwa kitu kinachoweza kuuzwa bila yeye kuwapo. Ndani ya wimbo mmoja mna haki tofauti: maneno na mahadhi, uimbaji wako, na rekodi yenyewe. Kila haki ina chama chake cha kukusanya mirabaha: MCSK iliundwa kwa ajili ya watunzi, PRISK kwa ajili ya waimbaji na waigizaji, KAMP kwa ajili ya wenye rekodi. Leseni zao hutolewa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na huweza kubadilika, basi kagua kabla ya kujiandikisha. Mombasa tunapenda mahadhi ya Kihindi, na mwimbaji Juma Bhalo alijenga jina kubwa kwa mtindo huo. Ukiweka maneno yako juu ya mahadhi ya filamu ya Kihindi, maneno ni yako, mahadhi si yako. Andika hivyo hivyo kwenye fomu. Kwa miito ya simu, zile nyimbo anazosikia anayekupigia, marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Hakimiliki yaliweka fungu la msanii au mwenye haki lisipungue asilimia 52 ya mapato, kwa hiyo ukiletewa karatasi na wakala, soma asilimia kabla ya kusoma sifa.

Linabaki la simu mlangoni. Wengi huchagua kuimba mbele ya wanawake tu, picha zisitoke, na familia ikaridhika. Ni uamuzi wa heshima na una gharama: miaka kumi ya kazi bila hata dakika moja ya kumwonyesha mwongozaji. Usivunje ahadi ya ukumbi kwa klipu ya kuiba. Rekodi yako mwenyewe, nyumbani, dakika mbili, umevaa unavyotoka nje. Simama ukitazama dirisha ili mwanga uje usoni, zima feni, sema mstari mmoja wa hasira na mmoja wa upole, kisha ubeti mmoja bila muziki. Mwishoni nyanyua mikono, viganja kisha migongo, taratibu. Mwongozaji wa Mombasa ataitazama hiyo kabla ya uso.